Lebo, akaunti na mirabaha: maswali tunayoulizwa kila mara na wasanii wa Mwanza

Studio yetu ipo Igoma: chumba kimoja, na kona ya kurekodia iliyozungushiwa magodoro. Kabla ya hapo niliuza kanda Makoroboi, kisha CD, kisha makava ya simu, maana CD zilinidodea mkononi. Maswali haya huja kwa WhatsApp, kwa simu za usiku, na kwa watu wanaobisha hodi wakati tunarekodi. Nimeyaandika jinsi yanavyoulizwa.

Lebo bado zipo, au mtandao umeshaziua?

Zipo. Kilichokufa ni sehemu ya kazi zake.

Lebo, yaani kampuni inayogharamia na kuuza kazi za wasanii, ilikuwa na vitu vinne ambavyo msanii hakuwa navyo: pesa ya studio, mashine ya kufyatua sahani au kanda, gari la kuzifikisha dukani, na mtu anayefahamiana na watu wa redio. Kompyuta imeshusha bei ya cha kwanza. Intaneti imefuta cha pili na cha tatu. Cha nne kipo palepale, na ndicho lebo inachokuuzia leo.

Huko nje kishindo kilianza 1999, pale Napster ilipowapa watu njia ya kupeana nyimbo bure kwa kompyuta. Kampuni za muziki ziliishtaki, na 2001 ikazima mitambo, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Mwaka 2003 Apple ikafungua duka la iTunes, wimbo mmoja senti 99 za Dola. Hapo albamu ikavunjika, kwa sababu mtu hakulazimika tena kununua nyimbo kumi ili apate mbili anazozipenda. Mapato ya dunia yaliendelea kushuka, yakagusa chini kabisa 2014. Kilichoyainua ni watu kulipia kusikiliza badala ya kununua. Spotify ilianza Sweden 2008, ila sisi Tanzania ilitufikia 2021.

Kwa hesabu za IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za kurekodi, muziki uliorekodiwa uliingiza Dola bilioni 29.6 mwaka 2024, na karibu asilimia 70 ilitokana na kusikiliza mtandaoni. Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara ilipata Dola milioni 110, na karibu robo tatu yake ni Afrika Kusini peke yake. Kilichobaki ndicho tunachogombania sisi, Wanigeria, Wakenya na wengine wote.

Na wakubwa wamepungua. Mwaka 1999 kampuni kubwa za dunia zilikuwa tano. Leo ni tatu: Universal, Sony na Warner.

Wazee wanasema zamani kutoa kanda ilikuwa shughuli pevu. Ilikuwaje?

Ilikuwa lazima ufike Dar. Unarekodi, masta, yaani rekodi ya asili ya kufyatulia nakala, unaitia kwenye bahasha, bahasha unaiweka kifuani, unapanda basi. Kariakoo msambazaji anasikiliza nyimbo tatu huku anapokea simu nyingine, anataja bei. Ukikubali, umeuza masta, siyo kanda. Atafyatua ngapi? Hilo alilijua yeye na mashine yake.

Mimi nilikuwa mwisho wa mnyororo. Maboksi yalinijia kwa basi, nayapokea stendi usiku, asubuhi nayapanga mezani. Kanda halali niliitambua kwa karatasi ya kava: nalowesha kidole, nasugua wekundu wa jina la msanii. Ikichuja, ni feki. Nakiri nimeuza zote mbili. Mteja wa Sengerema hakulowesha kidole, aliuliza bei.

Stempu za kodi za TRA kwa kazi za muziki na filamu zilianza 2013, kwa nia ya kuwabana wezi. Nia nzuri, ila kufikia hapo wateja wangu walikuwa wameshaacha kununua kitu chochote cha kushikika. Walikuja na simu.

Yule jamaa wa kibanda anayeingiza nyimbo kwenye memori ni mwizi, au ni msambazaji wangu?

Ni vyote viwili, na atakayekupa jibu fupi zaidi ya hilo hajawahi kukaa pale.

Nenda Mlango Mmoja, hapahapa Mwanza, umwangalie. Kompyuta kuukuu, feni imefungwa kwa waya, kwenye kioo mafaili yamepangwa: Bongo Mpya, Gospo, Zilipendwa, Kisukuma, Kongo. Anakuja mvuvi anayerudi visiwani Ukerewe, anatoa memori ndogo kama ukucha. “Nijazie za harusi.” Buku moja, nyimbo mia. Huko aendako mtandao ni wa kubahatisha na bando ni ghali, kwa hiyo memori ile ndiyo redio yake mpaka mwezi uishe.

Kisheria jamaa yule anatoa nakala bila ruhusa ya mwenye kazi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hairuhusu. Lakini nimewaona waimbaji wa Kisukuma wakimpelekea wimbo mpya wao wenyewe, kabla hata ya kuupandisha YouTube. Hawategemei buku lake. Wanategemea wimbo ufike minadani, Misungwi, Magu, Kwimba, ili mtu mwenye ng'ombe wa kutosha awaite kwenye harusi ya mwanawe. Kwao wimbo ni tangazo na shoo ndiyo bidhaa.

Kama nawe umeamua kumtumia, basi mtumie sawasawa: faili libebe jina lako, jina la wimbo na namba yako ya simu. Nyimbo zinazoitwa “Track 01” nimezifuta kwa mamia bila kujua nimemfuta nani.

Ninaweza kupandisha wimbo wangu Spotify au Boomplay mwenyewe, bila lebo?

Unaweza, kupitia kampuni ya usambazaji wa kidijitali. Majukwaa mengi makubwa hayapokei wimbo moja kwa moja kutoka kwa msanii. Yanapokea kwa wasambazaji kama DistroKid, TuneCore, CD Baby na wenzao. Wengine wanatoza ada ya mwaka, wengine wanakata asilimia. Soma kitatokea nini usipolipa ada ya mwaka wa pili: kwa baadhi yao nyimbo zinashushwa, na namba zako zote zinapotea nazo.

Andaa faili la WAV, lenye sauti isiyobanwa, siyo MP3 uliyotumiwa WhatsApp. Andaa kava la mraba, pikseli 3000 kwa 3000, lisilo na namba ya simu wala nembo ya Instagram, kwa maana hapa wanakikataa kitu kilekile nilichokusifia kule kibandani. Jina lako liandikwe vilevile kila mara. Kuna kijana wa Buhongwa ana kurasa tatu Spotify kwa sababu ya herufi moja aliyoiongeza, akaitoa, akairudisha.

Kila rekodi itapewa namba ya ISRC, yenye herufi na tarakimu kumi na mbili. Iandike daftarini. Ndiyo kitambulisho cha wimbo, na ukihama msambazaji unahama nayo ili namba za usikilizaji zisianze upya.

Halafu usipange wimbo utoke kesho. Spotify inataka uuwasilishe angalau siku saba kabla ili wahariri wake waufikirie kwa orodha zao.

Rafiki yangu amejitolea kunifungulia akaunti. Nimpe?

Akusaidie, ila ifunguliwe kwa baruapepe yako, mbele ya macho yako, nenosiri ukiliandika wewe.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia. Zamani swali lilikuwa “masta iko kwa nani?” Siku hizi masta unayo kwenye flashi, hata nakala kumi, na hazikusaidii kitu kama akaunti ni ya mtu mwingine. Pesa huenda kwa mwenye akaunti, na mwenye akaunti ndiye anayeweza kufuta wimbo.

Kwaya moja kutoka ng'ambo ya Busisi ilirekodi kwetu. Nyimbo nane, sare za kitenge, video ufukweni, mawe ya Mwanza nyuma yao. Kijana mmoja wa kwaya, mwerevu wa simu, akafungua chaneli kwa Gmail yake mwenyewe. Hakuwa na ubaya wowote. Wengine wote hawakuwa na Gmail. Miaka miwili mambo yakaenda vizuri. Kisha akakosana na uongozi kwa jambo la michango, akahama na chaneli. Mwenyekiti alikuja hapa na barua yenye mhuri wa kanisa, akaniomba niipeleke “kwa wenyewe YouTube”. Nilisoma ile barua mara mbili. Imeandikwa vizuri, ina tarehe, ina nakala kwa mchungaji. Sikuwa na pa kuipeleka.

Walichofanya ni kufungua chaneli mpya na kuanza na wafuasi sifuri. Kikundi kinahitaji baruapepe ya kikundi, na viongozi wawili wenye nenosiri. Liandikeni kwenye daftari la katibu, palepale penye orodha ya michango.

Wimbo wangu una watazamaji laki mbili YouTube. Mbona sijaona hata mia?

Kwanza, chaneli yako imekubaliwa kuingiza matangazo? Sharti ni wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na miwili, au watazamaji milioni 10 wa video fupi ndani ya siku 90. Kabla ya hapo, video itatazamwa nawe hutapata kitu.

Pili, ukikubaliwa, unagawiwa asilimia 55 ya pesa ya matangazo ya video za kawaida. Lakini tangazo la kumfikia mtu wa Nyakato halilipiwi sawa na la kumfikia mtu wa London. Watazamaji laki mbili wa Kanda ya Ziwa na laki mbili wa Ulaya ni pesa mbili tofauti kabisa.

Tatu, kodi. Tangu 2021 Google inakata kodi ya Marekani kwa mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani. Kwa Mtanzania ni asilimia 30 ya sehemu hiyo tu, mradi umejaza fomu ya kodi. Usipoijaza, wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote, ya kutoka popote duniani. Fomu inachukua robo saa. Jaza.

Nne, hawalipi mpaka zifike Dola 100.

Spotify wanalipa shilingi ngapi kila wimbo ukisikilizwa?

Hakuna bei. Pesa ya waliolipia na ya matangazo inawekwa chungu kimoja, karibu theluthi mbili yake inakwenda kwa wenye haki, na kila mmoja anagawiwa kulingana na fungu lake la usikilizaji wote. Ni kama samaki wa kokoro: hesabu ya mgawo wako inategemea wavu mzima umevuta nini, siyo wewe ulivuta kamba mara ngapi. Wimbo uliosikilizwa chini ya sekunde 30 hauhesabiwi. Na tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili haulipwi kwa upande wa rekodi.

Sheria hiyo ya elfu moja mimi siipendi. Wanaodondoka ni walewale wa kwetu, na visenti vyao vinabaki chunguni kwa wengine.

Redio wakipiga wimbo wangu ninalipwa?

Unastahili kulipwa. Redio, televisheni, baa na hoteli zinazotumia muziki zinatakiwa kulipia mirabaha, nayo inakusanywa na kugawiwa wenye kazi. Miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na Cosota, ofisi ya hakimiliki ya serikali, yenyewe. Baada ya marekebisho ya sheria, ukusanyaji umeelekezwa kwa vyama vya wenye haki, na Cosota imebaki msimamizi. Usipojisajili, wimbo wako utapigwa tu na fungu lako halitajua liende wapi.

Mwanza tuna bahati moja ambayo mikoa mingi haina. Radio Free Africa na Star TV zimeota hapahapa, na kwa miaka mingi mtu wa huku aliweza kusikika nchi nzima bila kupita Dar.

Basata au Cosota?

Zote. Basata, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ni usajili wa wewe kama msanii. Cosota ni hakimiliki ya kazi. Haki yenyewe huanza pale unapoitunga kazi, siyo unapopewa cheti, lakini siku ya ugomvi cheti ndicho kinachoongea.

Prodyuza anasema biti ni yake, kwa hiyo wimbo ni wake. Ni kweli?

Wimbo una haki za namna mbili. Kuna utunzi: maneno, sauti ya wimbo, muziki. Na kuna rekodi yenyewe, ile masta. Kama biti aliitunga yeye na hamkuandikiana chochote, ana sehemu katika utunzi. Masta mara nyingi ni ya aliyegharamia kurekodi, lakini “mara nyingi” haitakusaidia mbele ya hakimu. Sisi hapa studio tunaandikiana karatasi moja kabla ya kuwasha maiki: nani katunga nini, asilimia ngapi, saini mbili. Wapo wanaoona tunawachelewesha. Wakienda kwingine ni sawa.

Lebo ya Dar imenitumia mkataba. Nisaini?

Usisaini leo. Mpelekee wakili, hata kama ni wa bei ya chini, na uende na maswali haya kichwani.

Unakwisha lini? Mkataba wa miaka mitatu una mwisho. Mkataba wa albamu tatu “zitakazokubaliwa na kampuni” unaweza usiishe, kwa sababu wao ndio wanaokubali.

Unagusa nini? Mwaka 2002 EMI ilisaini na Robbie Williams mkataba ulioipa kampuni sehemu ya mapato yake mengine pia, zikiwemo shoo, wala si ya rekodi peke yake. Mtindo huo ukaenea kadiri mauzo ya CD yalivyoporomoka, na leo ni wa kawaida mpaka kwetu. Si wizi, kama nao wanakutafutia hizo shoo. Ni wizi kama harusi ya binamu yako Nansio nayo wanaikata.

Gharama zinarudishwaje? Hapa chukua kalamu. Tuseme wametumia milioni 6 kwa studio na video. Mgawo wako ni asilimia 30. Nyimbo zimeingiza milioni 10. Fungu lako ni milioni 3, na mkataba unasema gharama zinalipwa kutoka kwenye fungu lako. Kwa hiyo zote tatu zimekwenda, na bado unadaiwa 3. Wao wamepokea milioni 10 kwa milioni 6 walizotoa, na kwenye vitabu wewe ndiye mdaiwa. Hakuna aliyedanganya mahali popote. Kila kitu kimeandikwa ukurasa wa nne.

Na ukitoka, masta, jina na kurasa zinabaki kwa nani?

Sisemi lebo ni mbaya. WCB Wasafi ya Diamond Platnumz imetoa majina ambayo intaneti peke yake isingeyatoa, na ina redio na televisheni za kuyasukuma. Harmonize alitoka pale 2019 akasimamisha Konde Gang; Rayvanny alitoka 2022 akiwa na Next Level Music yake. Waliingia vijana wasio na mtaji, wakatoka wakiwa na lebo. Lakini nayo Wasafi, Novemba 2021, iliingia ubia na Warner, mmoja wa wale watatu. Kila mlango una mlango mwingine nyuma yake, na kila mlango una anayekata chake.

Lazima nihamie Dar?

Kurekodi na kusambaza, hapana. Mahojiano, kolabo na watu wa matangazo ya biashara, bado huko ndiko waliko. Nenda na tiketi ya kurudi.

Nimerekodi ngoma ya asili ya Kisukuma. Niandike mimi ndiye mtunzi?

Wimbo ambao mabingwa wa Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wameuimba kwenye sherehe ya ngoma ya Bulabo pale Bujora tangu bibi yako hajazaliwa, huwezi kuujazia jina lako kama mtunzi. Rekodi yako ni yako. Mpangilio wako mpya ni wako. Wimbo wenyewe ni mali ya jamii, na sheria yetu inazilinda sanaa za jadi, Basata ikiwa ndiyo mamlaka ya ruhusa za matumizi ya kibiashara. Andika “wa jadi, Kisukuma”, kisha jina lako kama mpangaji.

Ninasisitiza kwa sababu mfumo wa YouTube wa kutambua sauti haujui Bulabo. Wa kwanza kuusajili wimbo ndiye mfumo unayemwamini, na wa pili, pengine mzee aliyekufundisha huo wimbo, anaambiwa ameiba.

Akili mnemba inatunga nyimbo siku hizi. Nijihangaishe na studio ya nini?

Juni 2024 kampuni zote tatu kubwa zilizishtaki Suno na Udio, kampuni za akili mnemba inayotunga nyimbo, kwa kufundishia mitambo yao kwa rekodi zao. Ukiniletea wimbo uliotengenezwa hivyo nitaupandisha ukitaka, lakini kwenye ile karatasi ya nani katunga nini sijui nitamwandika nani. Na shoo ya Kirumba utaimba wewe.

Nimepoteza laini niliyofungulia akaunti. Nifanyeje?

Nenda leo, siyo kesho, kwa mtandao wako na kitambulisho cha NIDA, uirudishe laini ileile kabla namba haijapewa mtu mwingine. Ikisharudi, njoo na simu tuongeze namba ya pili ya akiba: ya mama, au ya katibu wa kwaya, yeyote asiyebadilisha laini kila bando linapopanda.